Kula kwenye quán: mwongozo wa migahawa ya kifamilia ya Vietnam, kaskazini hadi kusini

Mgahawa mdogo wa Kivietnam huitwa quán, na mara nyingi ni sebule ya mbele ya nyumba ya watu. Mama anasimama kwenye sufuria la supu karibu na barabara, mumewe anakata nyama, binti anabeba mabakuli na kupokea fedha, na bibi anachambua majani kwenye beseni huko nyuma. Chakula kinachotoka hapo hakijamalizika. Mpishi amechemsha mifupa kwa saa nyingi, lakini hatua ya mwisho, yaani ndimu, pilipili, majani na sosi, ameiacha mikononi mwako. Kila eneo la nchi lina namna yake ya kuimaliza hatua hiyo, na hapo ndipo wageni wengi wanapoharibu chakula kizuri. Wanamimina sosi tamu ya kusini kwenye supu ya Hanoi, au wanaomba mchuzi zaidi kwenye mì Quảng, chakula ambacho hakikukusudiwa kuwa na supu. Kwa hiyo kabla ya kugusa chupa yoyote mezani, jua ulichoagiza ni cha wapi.

Bango na saa

Quán inayoaminika hupika kitu kimoja, au viwili vitatu vinavyotoka kwenye sufuria lilelile. Bango la nje ndilo menyu. Phở ni tambi bapa za mchele kwenye supu ya ng'ombe au kuku. Bún ni tambi za mchele za mviringo. Mì kwa kawaida ni tambi za ngano, isipokuwa mì Quảng, ambazo ni za mchele. Cơm ni wali, cháo ni uji, lẩu ni chungu kinachochemkia mezani, ốc ni konokono. Bánh ni neno pana mno: hubeba karibu kila kitu cha unga, kuanzia mkate wa kawaida hadi vitu vya mvuke vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Neno linalofuata ndilo linalokutajia nyama: bò ni ng'ombe, gà kuku, vịt bata, cá samaki, tôm kamba, cua kaa. Nguruwe ana majina mawili, lợn kaskazini na heo kusini.

Bei huandikwa ukutani kwa kifupi. Ukiona 45k, au 45 peke yake, maana yake ni dong 45,000. Bakuli la tambi mjini mara nyingi huwa kati ya dong 35,000 na 70,000. Vyakula vya baharini vikiandikwa theo thời giá, yaani bei ya siku hiyo, uliza bei ya kilo na uone vikipimwa kabla havijaingia jikoni. Ugomvi mwingi wa bili huanzia kwenye swali hilo ambalo halikuulizwa.

Saa ni muhimu kama bango. Phở ya asubuhi huwa bora kati ya saa 12 na saa 3. Bún chả, tambi na nguruwe wa kuchoma, ni chakula cha mchana, saa 5 hadi saa 7. Sehemu za wali zinazoitwa cơm bình dân hupanga vyakula kwenye trei, nawe unaonyesha kwa kidole. Fika kabla ya saa 5 na nusu, kwa sababu wafanyakazi wa ofisini wakishapita hubaki masalio. Baada ya saa 8 mchana familia nyingi hufunga na kulala kidogo, kisha hufungua tena jioni, na wengine hawafungui kabisa kwa kuwa sufuria limeisha. Sufuria kuisha mapema ni dalili nzuri, rudi kesho. Wakati wa Tết, mwaka mpya unaoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, quán nyingi za kifamilia hufungwa kwa siku kadhaa, nyingine zaidi ya wiki.

Mahali penye menyu ya kurasa kumi, yenye phở, piza na bún bò Huế kwa pamoja, hapafai kwa mtu anayetafuta chakula cha eneo. Vyakula vitatu tofauti namna hiyo haviwezi kupikwa vizuri na jiko la watu wanne.

Kuita na kuagiza

Msemaji wa Kiswahili ana ahueni kwenye matamshi. Ng ya mwanzo wa neno ni ileile ya ng'ombe, na ndivyo linavyoanza neno ngon, "kitamu". Nh ni ny ya nyumba. Kh ni ya kheri, kwa anayeitamka kooni. G ni gh ya ghali, kwa hiyo gà haianzi kama "gari". Ph ni f. Herufi đ yenye mstari ni d ya kawaida, na ile isiyo na mstari husomwa z kaskazini na y kusini. Kigumu kinachobaki ni toni. Tamka huku ukionyesha neno ukutani, na utaeleweka.

Watu huitana kwa undugu, kisha huongeza ơi, inayosikika kama "oi". Mwanamke anayekuzidi kidogo ni chị, dada. Mwanamume wa namna hiyo ni anh, kaka. Wa rika la shangazi yako ni cô, wa rika la baba mdogo ni chú, na anayewazidi wazazi wako umri ni bác, awe mke au mume. Bibi ni bà, babu ni ông, na yeyote aliye mdogo kwako ni em. Undugu huo una pande mbili: ukimwita mtu chị au anh, wewe mwenyewe unakuwa em. Ukimwita cô au chú, wewe ni con kusini au cháu kaskazini. Neno tôi, "mimi", lipo na ni sahihi, lakini mezani linasikika kama umeingia ofisini. Ukisita kati ya chị na cô, sema chị.

Oda hufuata mpangilio mmoja: idadi, chombo, chakula, aina ya nyama. Bakuli ni bát kaskazini na tô kusini. "Chị ơi, cho em một tô phở tái" ni "Dada, naomba bakuli moja la phở ya nyama mbichi iliyokatwa nyembamba". Một ni moja, hai mbili, ba tatu, bốn nne. Kwa phở ya ng'ombe, nyama ndiyo inayotofautisha bakuli na bakuli. Tái ni nyama mbichi inayoivishwa na supu ya moto, chín ni iliyochemshwa ikaiva kabisa, nạm ni ya ubavuni, gầu ni kidari chenye mafuta, gân ni kano, sách ni matumbo. Kusini utapata pia bò viên, vidonge vya nyama iliyosagwa. Kwa mara ya kwanza agiza tái nạm: unapata nyama laini na nyama ya kutafuna kwenye bakuli moja. Đặc biệt ni bakuli lenye kila kitu, na kila kitu hapo ni pamoja na matumbo.

Usiyoyataka huanza na không: không hành bila vitunguu majani, không cay bila pilipili. Ít cay ni pilipili kidogo. Kiungo cha kuongeza ladha, mì chính kaskazini na bột ngọt kusini, kikiwa tayari kwenye supu hakitoki, ila unaweza kuomba kisiongezwe kwenye bakuli lako.

Mlioketi meza moja msitegemee kuhudumiwa kwa pamoja. Bakuli hutoka likiwa tayari, na anayelipata huanza kula mara moja, kwa kuwa tambi za mchele zinaendelea kunywa supu. Dakika kumi zikipita zimevimba na kuwa laini kupita kiasi.

Nguruwe na vingine vinavyojificha

Sehemu hii ni ya kusoma mara mbili kwa asiyekula nguruwe. Jina la chakula hutaja nyama inayoonekana, halitaji mifupa iliyotengeneza supu. Bún bò Huế ina bò kwenye jina, lakini supu yake huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe pamoja na ya ng'ombe, na bakulini hukaa kipande cha mguu wa nguruwe na mara nyingi mchemraba wa damu iliyogandishwa, unaoitwa huyết au tiết. Chả, mkate laini wa nyama iliyosagwa, kwa kawaida ni nguruwe. Sambusa ndefu za kukaanga, nem rán kaskazini na chả giò kusini, huwa na nguruwe hata zikiitwa za kaa. Mboga hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe sehemu nyingi. Bánh xèo, chapati ya kukaanga iliyokunjwa, hubeba kamba na nguruwe pamoja, na hata visahani vya bánh bèo, viduara vya unga wa mchele, hunyunyiziwa ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikawa kavu.

Kuuliza "Có thịt heo không?", kuna nyama ya nguruwe?, hakutoshi, kwa sababu mpishi atajibu kuhusu nyama peke yake. Ongeza swali la supu: "Nước lèo có xương heo không?", supu ina mifupa ya nguruwe? Kaskazini badilisha: nước dùng mahali pa nước lèo, na lợn mahali pa heo. Jibu la có ni ndiyo, không ni hapana. Kwa chakula halali kamili, Saigon, jiji kubwa la kusini ambalo jina lake rasmi ni Ho Chi Minh, ina migahawa karibu na msikiti wa mtaa wa Đông Du, uliojengwa mwaka 1935, na upande wa Châu Đốc, mkoani An Giang, wanaishi Wacham Waislamu wenye vyakula vyao.

Neno chay kwenye bango ni chakula kisicho na nyama wala samaki. Tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo Wabuddha wengi hula chay, na siku hizo meza zake huongezeka. Kwenye quán ya kawaida, mboga "tupu" huja na sosi ya samaki, kwa hiyo sema không nước mắm. Mwenye mzio wa karanga ajue majina yake mawili, lạc kaskazini na đậu phộng kusini, na aseme kabla ya chakula kuandaliwa, kwa maana karanga hunyunyizwa mwishoni bila kuulizwa.

Mezani

Vuta kiti chochote kilicho wazi. Kushiriki meza na usiowajua ni kawaida, na vile viti vifupi vya plastiki vinabeba watu wazima bila shida. Toa vijiti na kijiko kwenye kopo, vifute kwa tishu, na mfanyie hivyo mkubwa aliye karibu nawe.

Vilivyokwisha kuwekwa mezani, kama karanga, mayai ya kware, chả iliyofungwa kwenye jani au mikate ya kukaanga, ni vya kuuzwa. Ukila unalipia idadi uliyokula, usipogusa hulipi. Kitambaa chenye unyevu ndani ya nailoni nacho huwa na bei ndogo ukikifungua. Chai ya barafu, trà đá, kusini mara nyingi huletwa bure au kwa fedha kidogo sana. Kaskazini tarajia kuilipia.

Majani, ndimu, chipukizi na sosi za chupa ni sehemu ya bakuli, na majani yakiisha unaweza kuomba mengine. Mwenye tumbo jepesi ayazamishe kwenye supu ikiwa bado inatoa moshi badala ya kuyala mabichi. Mifupa na maganda huwekwa pembeni ya meza au kwenye kijibakuli. Tishu zina kapu chini ya meza. Usipoliona, tazama majirani wanafanya nini.

Vijiti visisimamishwe wima ndani ya wali: hivyo ndivyo ubani unavyosimamishwa kwa ajili ya wafu. Visipokezane chakula kijiti kwa kijiti. Ukipumzika, vilaze juu ya ukingo wa bakuli.

Kaskazini: gusa kidogo

Phở ya Hanoi ni supu safi, yenye chumvi zaidi kuliko utamu, na hubeba vitunguu majani na giligilani peke yake. Sahani kubwa ya majani haiji, na kukosekana kwake si upungufu. Onja supu vijiko viwili bila kuongeza kitu. Kisha tazama vyombo vilivyoko mezani: siki yenye vipande vya kitunguu saumu, pilipili mbichi, na sosi ya pilipili. Siki hiyo anza na kijiko kimoja cha chai, koroga, onja tena. Inakata mafuta ya gầu vizuri kuliko ndimu. Ukitia ndimu nyingi na siki pamoja unapata uchachu unaofunika kabisa ladha ya mifupa, na hauondoki. Mikate mirefu ya kukaanga, quẩy, huchovywa vipande vifupi, sekunde chache, iliwe ingali na ukavu katikati.

Bún chả inawachanganya wengi kwa sababu huja vipande vipande. Bakuli moja lina nyama ya nguruwe iliyochomwa kwenye mkaa, ya vipande na ya vidonge, ikielea kwenye mchuzi vuguvugu wa sosi ya samaki, siki na sukari, pamoja na vipande vya papai bichi na karoti. Sahani ya pili ni tambi, ya tatu ni majani. Kosa ni kumwaga mchuzi juu ya tambi. Fanya kinyume: chukua tambi kiasi cha tonge moja, ziingize kwenye bakuli la nyama, ongeza majani mawili matatu, kula, rudia. Tambi zote zikiingia kwa mkupuo mmoja, mchuzi unapoa na kukauka kabla hujafika nusu.

Kwenye chả cá, samaki aliyekolezwa manjano humalizikia mezani kwenye kikaango chenye mafuta moto. Majani ya thì là, membamba kama nyuzi, na vitunguu majani hutiwa kwa wingi, yakinywea tu yameiva. Hapo, na pia kwenye bún đậu, tambi na tofu ya kukaanga, utakutana na mắm tôm, uduvi waliosagwa na kuchachuliwa, wa rangi ya zambarau na harufu inayotangulia mbele. Usiile ilivyo. Kijibakuli kikija, kamulia malimau madogo mawili yaliyo pembeni, tia kijiko kimoja cha chai cha sukari kama haijatiwa, vipande vitatu vya pilipili, na ukiweza omba kijiko cha mafuta ya moto kutoka kikaangoni. Koroga kwa vijiti kwa kasi, mkono wa duara, mpaka rangi ipauke iwe ya waridi na povu lipande juu. Povu hilo ndilo ishara kwamba uchachu umeingia, na harufu inatulia. Bila povu bado ni chumvi tupu. Asiyeiweza aseme nước mắm, ataletewa sosi ya samaki bila maneno.

Katikati: pilipili, na supu chache

Hue ilikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Nguyễn kuanzia 1802 hadi 1945, na vyakula vyake vingi ni vidogo, vya kuagizwa aina kadhaa. Bánh bèo huja kwenye visahani vya udongo, kila kimoja na duara jembamba la unga wa mchele lililopikwa kwa mvuke, juu kamba waliokaushwa na kusagwa. Mimina nusu kijiko cha sosi ndani ya kisahani, pitisha kijiko kuzunguka ukingo mpaka duara libanduke, lile zima. Bánh nậm na bánh bột lọc hufungwa kwenye jani la mgomba. La kwanza ni bapa na laini, la pili ni la wanga wa muhogo, linang'aa na kuvutika, na kamba wake huliwa na ganda lake. Watu wawili hutosheka na trei moja ya bánh bèo na sehemu moja ya kila kilichobaki. Agizeni kidogo, kisha ongezeni.

Bún bò Huế ina mchaichai, uduvi waliochachuliwa na mafuta mekundu ya pilipili. Kijibakuli cha mezani kinachoitwa sa tế ni pilipili na mchaichai vilivyokaangwa, na ukali wake huchelewa kufika. Anza na robo ya kijiko cha chai, subiri mikupuo mitatu, ndipo uamue. Ua la mgomba lililokatwa nyembamba litumbukizwe mwanzoni ili lilainike.

Mì Quảng ya Quảng Nam, mkoa uliounganishwa na Da Nang mwaka 2025, ndiyo inayodhulumiwa zaidi. Tambi pana, mara nyingi za manjano, hutiwa mchuzi mzito kidogo tu, unaofika karibu na robo ya bakuli. Mgeni anadhani amepunjwa, anaomba uongezwe, na ladha inazimuliwa. Vunja ule mkate mkavu wa mchele wenye ufuta juu ya bakuli, kamua kipande cha ndimu, kisha chota kutoka chini kwenda juu mara nne au tano mpaka kila utambi uloe. Pilipili ya kijani haikatwi: unaing'ata ncha kidogo baada ya kila tonge. Cao lầu ya Hoi An inafuata kanuni hiyohiyo, ila tambi zake ni nene na ngumu kidogo, ndivyo zinavyotakiwa.

Kusini: majani kwa wingi

Mwaka 1954, nchi ilipogawanywa, mamia ya maelfu ya watu wa kaskazini walihamia kusini na phở yao. Huko ilikutana na bustani za delta ya Mekong na ulimi unaopenda utamu. Ndiyo maana phở ya Saigon huja na sahani ya chipukizi za choroko, mrehani, na ngò gai, jani refu lenye meno ya msumeno. Kata majani kwa vidole, usiyatie mazima. Chipukizi mbichi zinapoza supu, kwa hiyo omba giá trụng, zilizochovywa kwenye maji ya moto. Sosi nyeusi tamu na sosi nyekundu ya pilipili zimiminwe kwenye kijisahani, nusu kwa nusu, nyama ichovywe humo. Wapo wenyeji wanaozimwaga bakulini, na ni haki yao. Ushauri wetu ni kijisahani, maana supu iliyochemshwa usiku kucha inastahili kuonjwa.

Cơm tấm ni chenga za mchele, zilizokuwa chakula cha wasio na uwezo na sasa ni kifungua kinywa cha jiji zima. Sườn ni ubavu wa nguruwe wa kuchoma, bì ni ngozi iliyokatwa kama nyuzi, chả hapa ni mkate wa mayai na nyama. Sosi yake tamu humwagwa juu ya wali, vijiko viwili vitatu, na huliwa kwa kijiko na uma. Hủ tiếu, tambi za mchele za kusini, huagizwa nước, ndani ya supu, au khô, tambi kavu zenye sosi na supu pembeni. Jaribu khô kwanza.

Bánh xèo inahitaji mikono. Inatoka kikaangoni ikiwa kubwa, ya manjano, yenye tui ndani ya unga, imekunjwa nusu juu ya kamba na chipukizi. Kata kipande cha upana wa vidole viwili. Tandaza jani la haradali kwenye kiganja, shina likielekea kwako, na shina hilo likiwa na nyuzi ngumu, livunje. Weka juu yake jani la mnanaa na la mrehani. Jani lenye umbo la moyo, diếp cá, lina harufu ya samaki mbichi: ng'ata moja peke yake kabla ya kulitia. Laza kipande katikati, kunja upande wa shina, ingiza pembe za kushoto na kulia, viringisha ukibana kwa kidole gumba, kisha chovya ncha moja tu. Ukijaza sana inapasuka na sosi inateremka hadi kwenye kiwiko. Ukisubiri zaidi ya dakika tano, ukavu wa ukingo umekwisha. Kwa hiyo agizeni moja moja, msiagize nne kwa pamoja.

Sosi hiyo ya kuchovya si ile ya kwenye chupa. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 1 ya sosi ya samaki, 1 ya sukari, 1 ya ndimu na 4 hadi 5 za maji, pamoja na kitunguu saumu na pilipili. Ikiisha, omba nyingine, usijazie kutoka kwenye chupa.

Mkiwa wengi: mlo wa wali

Kwa watu wanne agizeni vyakula viwili vya chumvi, mboga moja, supu moja na wali. Mfano mzuri wa kusini ni cá kho tộ, samaki aliyepikwa kwenye chungu kidogo kwa sosi ya samaki na sukari iliyoungua, pamoja na canh chua, supu ya ukwaju. Kimoja ni kizito na cha chumvi, kingine kinasafisha ulimi. Kaskazini mboga iwe rau muống luộc, majani yenye shina lenye uwazi yaliyochemshwa, na maji yake hukamuliwa ndimu yakawa supu bila gharama ya pili.

Aliye karibu na chungu cha wali huwapakulia wote, akianza na wakubwa. Bakuli lipokee kwa mikono miwili. Wadogo huwakaribisha wakubwa kwa mời kabla ya kugusa chakula, na desturi hii ina nguvu zaidi kaskazini. Chukua kipande kimoja kutoka sahani ya pamoja, kiguse kwanza kwenye wali wako, ndipo kiende mdomoni. Bakuli linainuliwa karibu na kinywa. Supu huchotwa mwishoni juu ya wali uliobaki.

Kulipa

Bili haiji bila kuombwa. Sema "Chị ơi, tính tiền", na kwenye quán ndogo mara nyingi binti atahesabu mabakuli kwa macho, basi msiyapange wala kuyahamisha. Bakshishi haitarajiwi. Wenyeji hulipa kwa simu, kwa kupiga picha alama ya benki iliyobandikwa ukutani. Asiye na akaunti ya Vietnam awe na noti ndogo, 10,000 hadi 100,000, kwa kuwa chenji ya noti kubwa saa 12 asubuhi ni tatizo. Noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu, na kwenye mwanga hafifu wa taa ya barabarani zinafanana. Hesabu sufuri kabla ya kutoa, mpe kwa mikono miwili, na kama supu ilikuwa nzuri, mwambie aliyesimama kwenye sufuria, si binti peke yake: "Ngon quá, cô ơi."